Alama Mbili kwa Shamba

Januari 23

Baridi ya kukata masikio. Leo tumegawiwa wateja. Sisi wa sera za umma hatuna mtihani muhula wa mwisho. Tunapangwa watatu watatu, tunapewa ofisi ya serikali yenye tatizo la kweli, tunalichambua, na mwezi wa tano tunasimama mbele ya wakubwa wa hiyo ofisi kuwaambia wafanye nini. Nilikuwa naomba nipate mabasi, au maji taka, au hata panya wa mjini. Profesa Stempniak akasoma karatasi yake: "Bryce Hallquist, Yer Xiong, Colette Delveaux. Kaunti ya Tamarack. Waendelee na nyumba yao ya wazee, waiuze, au waifunge na kuwahamisha wazee?"

Tamarack ni kwetu. Na hiyo nyumba, ambayo wenyeji tunaiita Shamba kwa sababu kaunti ilikuwa ikilima pale enzi za babu zetu, ndimo anamoishi baba yangu tangu kiharusi kimpate mwaka juzi.

Nikanyoosha mkono palepale nikasema mbele ya darasa zima. Sikutaka mtu aje aseme baadaye kwamba nilificha. Profesa alifanya kazi ofisi ya bajeti ya jimbo hadi nywele zikawa nyeupe na hashtuki kwa lolote. Alinitazama juu ya miwani.

"Unataka nikubadilishie?"

"Sijui, Profesa."

"Ukiingia kazini kila tatizo litakuwa na mtu wako ndani yake. Umesema, tumesikia. Fanya kazi kwa haki."

Kwa haki. Maneno mawili tu, na tangu asubuhi nayarudiarudia.

Januari 26

Nimempigia Dada Darla. Amefurahi mno, na furaha yake imeniongezea hofu.

"Mungu ni mkubwa! Basi tumepata mtu wetu."

"Dada, mimi si mtu wa upande wowote. Natakiwa niangalie mambo kama mgeni."

"Mgeni? Wewe ulizaliwa nyuma ya banda la ng'ombe la Norbert Delveaux, utakuwaje mgeni?" Akacheka peke yake. "Haya, mgeni. Baba anakusalimu."

Ng'ombe wa baba waliuzwa zamani. Siku hizi baba anasema maneno machache, nayo yanatoka yamepondeka. Darla anayaelewa, maana yuko naye kila siku. Mhudumu wake Jeanine anayaelewa. Mimi naitikia tu kwa kichwa na kutabasamu kama mtalii.

Januari 31

Theluji. Tumekutana mara ya kwanza sisi watatu. Bryce ana akili ya hesabu na anajua kuwa anayo. Yer anatoka Wausau, ana mdomo mkali, na nampenda tayari. Tumegawana kazi. Sikulala vizuri.

Februari 7

Tumekwenda Shamba. Safari nzima niliendesha kama ninayepeleka wachumba nyumbani.

Mtendaji wa kaunti alitupokea mlangoni, mtu mpole, akatutembeza. Paa linavuja; kuna ndoo katikati ya korido ya mashariki na wazee wanaizunguka kwa viti vyao vya magurudumu bila hata kuitazama, wameshaizoea. Wahudumu ni wachache. Hayo ni kweli na Bryce aliyaandika yote.

Kisha tukaingia chumba cha kulia. Jeanine alikuwa akimlisha baba viazi huku wanagombana kuhusu karata za jana. Baba akasema kitu, Jeanine akamjibu, "Wewe Norbert, mwizi ni mwizi hata akiwa na mkono mmoja," na baba akacheka mpaka viazi vikamtoka. Sijamwona baba akicheka hivyo tangu mama alipofariki. Jeanine akamfuta kidevu bila kukatisha maneno, akaniona, akasema, "Karibu, mwanangu, baba yako kanila pesa za chai."

Yer alikuwa ananitazama mimi, wala si wao. Nikajua uso wangu umesema mengi. Nikageuka nikapima upana wa mlango.

Tukiwa garini kurudi, Bryce akasema kwa utani, "Haya jamani, tumuulize Colette matokeo, si yeye ndiye mbunge wa wazee wa mle ndani."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kuliko wao.

Februari 8

Ule utani umenikaa. Hakuwa na nia mbaya, najua.

Februari 15

Bryce: "Mbunge wetu anasemaje kuhusu gharama za kupasha joto?" Nikamjibu kwamba ziko juu kuliko nyumba zote za kaunti jirani, na nikamwonyesha chanzo. Akarudi kwenye kompyuta yake. Nilisikia raha kidogo, nikajichukia kidogo.

Februari 22

Nimegundua nafanya jambo. Kila nikiandika sentensi nzuri kuhusu Shamba, naifuta, nauliza: je, ningeiandika kama baba yangu asingekuwepo? Siwezi kujibu, kwa hiyo naiacha imefutwa. Nikiandika sentensi mbaya sijiulizi. Naiacha.

Nilimweleza Yer nikidhani atanisifu. Akasema, "Shoga, hiyo siyo haki, hiyo ni kujichapa viboko." Nikamwambia ndiyo nidhamu ya kazi yetu. Akainua mabega.

Machi 1

Barabara zote chumvi tupu ya kuyeyushia barafu. Viatu vyangu vimeota weupe. Sina la kuandika.

Machi 6

Tulikuwa na mahojiano ya wahudumu na ya familia, kurasa kadhaa, mengi nimeyafanya mimi kwa sababu watu wananijua na wanafungua mdomo. Leo nimependekeza tuyatoe kwenye ripoti.

Bryce akashangaa. "Yote?"

"Walikuwa wanaongea na binti wa Norbert. Siyo ushahidi huo. Tutumie ripoti za wakaguzi wa jimbo tu."

"Mimi naona yana uzito," akasema Yer.

"Yana uzito kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza. Yatoke."

Yakatoka. Bryce aliniambia tukiwa kwenye ngazi, "Nakuheshimu sana, dada. Mimi nisingeweza." Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilipofika mlangoni nikakumbuka mama mmoja aliyeniambia kwamba mumewe amesahau majina ya watoto wote lakini la Jeanine analijua. Huyo mama naye nimemtoa.

Machi 13

Leo tumejaza jedwali.

Hii ndiyo ibada kuu ya taaluma yetu. Juu unapanga njia zinazowezekana, na ya kwanza daima ni kuacha mambo kama yalivyo. Pembeni unapanga vigezo: gharama, uwezekano wa kisiasa, usawa, ubora wa matunzo. Kila mchambuzi anaweka alama yake, moja hadi tano, kisha unajumlisha na njia yenye alama nyingi inakuwa ndiyo ukweli. Profesa ametufundisha kila mtu ajaze kwake, kwa siri, ndipo tulinganishe. Sisi tulijaza kwenye kompyuta, ukurasa mmoja wa pamoja, kila mtu akiwa kwake kwa sababu ya barafu.

Kwa gharama na siasa sikuhangaika. Nilipofika ubora wa matunzo, njia ya kwanza, kubaki na Shamba, nilikaa mkono uko juu ya kitufe. Moyoni mwangu ilikuwa tano. Nikajiambia tano ni ya mtoto wa mzee. Nne je? Nne nayo ina harufu ya mtoto wa mzee. Tatu inaonekana kama nimekwepa. Wakaguzi waliandika kuhusu paa na upungufu wa watu. Nikaweka mbili.

Nilikuwa wa kwanza kujaza safu hiyo. Baada ya kupika chai nikarudi kuangalia. Bryce mbili. Yer mbili.

Nilishtuka, lakini nikafarijika pia, lazima niseme. Nikaona kumbe macho yangu yalinidanganya kule kwenye chumba cha kulia na sasa yamenyooshwa. Kama watu wawili wasio na baba mle ndani wameona mbili, basi ni mbili.

Tumejumlisha. Iliyoshinda ni ya tatu: kufunga, na kuwahamisha wazee kwenye nyumba ya kampuni iliyo kaunti ya pili, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kama hakuna theluji.

Machi 14

Sikula.

Machi 22

Likizo fupi. Nimekuja nyumbani. Jana tulikwenda na Darla kula samaki wa kukaanga wa Ijumaa, desturi ya mji wetu, na kila meza watu wananisimamisha. "Colette, tunakutegemea." "Colette, waambie hao wa mjini." Nikawa nachovya samaki kwenye mchuzi na kuitikia, "Tunaendelea vizuri." Mzee mmoja alinilipia soda. Ilinishuka kama dawa.

Darla alikuwa anang'aa tu. Hajauliza ripoti inasema nini, maana haijamjia akilini kwamba inaweza kusema vingine.

Leo asubuhi nilikaa na baba. Alisema kitu, nikaitikia. Akarudia, nikaitikia tena. Akaacha.

Machi 30

Barafu ya ziwa la hapa mjini imeanza kulia mchana kwa kupasuka. Watu bado wanatembea juu yake na mbwa wao. Siwezi kuwatazama.

Aprili 3

Tumetuma rasimu kwa mtendaji. Profesa aliisoma kabla, akasema uandishi ni safi. Akauliza, "Colette, uko sawa na hitimisho hili?" Nikasema ndiyo. Aliendelea kunitazama. "Sawa sawa?" Nikasema nimejitahidi kuwa wa haki. Akasema hicho sicho alichouliza, halafu simu yake ikalia.

Aprili 11

Nilisahau jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Karatasi yoyote ikishaingia ofisi ya kaunti ni ya wananchi. Mtendaji aliiambatisha na ajenda ya kikao cha baraza kama sheria inavyotaka, na gazeti la kwetu linalotoka kila Jumatano likaiona. Ukurasa wa kwanza: Wachambuzi wa chuo: matunzo ya Shamba ni duni. Chini yake jedwali letu zima, na ile mbili kwenye kisanduku chake. Na majina yetu, langu la kwanza kwa sababu ya alfabeti.

Darla amepiga nikiwa maktaba. Nikatoka nje kwenye mvua.

"Nisomee mwenyewe. Nataka niisikie kwa mdomo wako."

"Dada..."

"Matunzo, mbili. Mbili, Colette! Ulikuja hapa na kikaratasi chako, ukaona Jeanine anavyomgeuza baba ili asipate vidonda, ukaona kucha zake zilivyokatwa. Ukaenda kuandika mbili?"

"Siyo mimi peke yangu. Tulikuwa watatu, na wote..."

"Hao wawili siwajui! Hawana deni na mimi. Mimi nakuuliza wewe uliyetoka tumbo moja na mimi. Unaamini ni mbili?"

Magari yalikuwa yanapita na kunirushia maji.

"Hapana," nikasema.

Nilidhani amekata.

"Basi uliiandika kwa nini?"

Nikasema, "Niliogopa wataona nampendelea baba."

"Sasa hakuna atakayeona hivyo," akasema Darla. "Hongera." Hapo ndipo alipokata.

Aprili 12

Nimewaita Yer na Bryce kwenye mgahawa wa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: kwamba watakasirika, kwamba Bryce atasema alijua tangu mwanzo, kwamba watakwenda kwa Profesa kutaka niondolewe. Nikawaambia moja kwa moja kwamba ile mbili yangu haikuwa ya kweli. Kwamba mimi niliona nne, labda tano, na nikaishusha ili nisionekane mbunge.

Bryce alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu.

"Subiri. Wewe hukuona mbili?"

"Hapana."

"Mimi niliandika nne," akasema. "Nikaona yako. Nikajiambia, kama huyu ambaye baba yake yumo mle ameweka mbili, basi kuna mambo anayajua ambayo sisi wageni hatukuonyeshwa. Nikafuta nikaweka mbili."

Tukamgeukia Yer. Yer amefunika uso kwa mikono yake yote miwili.

"Yer?"

"Nne," akasema ndani ya viganja. "Nilidhani unaficha jambo baya. Nilikuonea huruma, jamani! Nikaweka mbili ili usibaki peke yako."

Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeona mbili. Iliingia duniani yenyewe, kwa adabu zetu. Mimi niliwaamini wao kwa sababu walikubaliana nami, na wao walikubaliana nami kwa sababu waliniamini. Wazee sitini na kitu wanafungishwa virago kwa hilo.

Bryce akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyebanwa mlango kidole. "Miaka miwili ya uzamili," akasema. "Miaka miwili."

"Nyamaza, Bryce," akasema Yer. "Na ule utani wako wa mbunge, ungeumeza siku ile."

"Ulicheka na wewe."

"Nilicheka. Wote tulicheka. Tufanyeje sasa?"

Aprili 14

Kwa Profesa, wote watatu, tumesimama kama watoto waliovunja dirisha. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na ningependelea afoke.

"Niliwaambia mjaze kwa siri," akasema. "Mlifikiri ni mapambo?"

Bryce akatazama viatu vyake.

"Mkibadilisha sasa, baraza litasema binti wa mzee amepigiwa simu na nyumbani. Na kweli umepigiwa, Colette, sivyo?"

"Nimepigiwa."

"Msipobadilisha, mtakuwa mmewapa wananchi namba ambayo hakuna kati yenu anayeiamini. La kwanza litawaaibisha. La pili ni kosa ambalo sitalitia sahihi. Jazeni upya. Hapa, mbele yangu, kwa kalamu."

Alitukalisha kona tatu za ofisi. Safari hii nilijiuliza swali moja tu: niliona nini. Niliandika nne, kwa sababu paa linavuja kweli na watu ni wachache kweli. Zilipofunuliwa, zote tatu zilikuwa nne.

Tukajumlisha. Njia ya kwanza imepanda juu, kwa tofauti ndogo. Tumeandika marekebisho, tumerudisha mahojiano yote, na tumeeleza jinsi kosa lilivyotokea. Bryce ndiye aliyeandika aya hiyo, na hakujihurumia.

Aprili 19

Darla hapokei simu.

Aprili 20

Hapokei.

Aprili 24

Gazeti limeandika kuhusu marekebisho: Wachambuzi wabadili kauli. Barua za wasomaji upande wa pili. Mmoja anasema tumehongwa, mwingine anasema tulitishwa. Mtendaji ametutumia ujumbe wa mistari miwili, mpole kama kawaida yake, kwamba baraza litapokea nakala zote mbili na litatumia busara yake. Nikikumbuka sura yake mlangoni siku ile najisikia kuumwa.

Mei 1

Ziwa limefunguka lote, maji ya bluu kabisa, kila mtu yuko nje na miguu wazi. Nina upele mkononi. Daktari wa chuo anasema ni wasiwasi. Nikamwambia asante kwa taarifa.

Mei 6

Nimerudi sasa hivi kutoka kikaoni. Niko kwenye chumba changu cha utotoni, Darla kaniacha nilale hapa bila kusema neno. Niandike kabla sijalainisha mambo.

Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Wahudumu wa Shamba walikuja na sare zao, Jeanine mstari wa pili. Nilimpungia mkono. Akatazama ajenda yake.

Bryce alianza na gharama, Yer akafuata na mengine. Matunzo lilikuwa fungu langu. Nilieleza jedwali la kwanza, nikaeleza la pili. Nikawaambia la kwanza lilikuwa kosa na kosa lilianza kwangu.

Diwani mmoja, mzee mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, akavuta kipaza sauti chake.

"Binti, nisaidie. Mwezi uliopita ulisema mbili. Leo unasema nne. Ulikuwa unadanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

Watu wakanong'ona. Katika mafunzo yetu tumekatazwa kusema "mimi". Tunasema "uchambuzi unaonyesha". Nilikuwa na sentensi ya namna hiyo tayari mdomoni.

"Wakati ule nilikuwa mwoga," nikasema. "Baba yangu yumo mle. Niliogopa kuonekana nampendelea, nikaandika chini ya nilichokiona."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa zaidi."

Watu wachache walicheka. Yeye hakucheka. "Basi mimi nitajuaje lipi la kushika?"

Hakuna jedwali la jibu la swali hilo. Bryce akanyanyuka bila kuitwa, akasema kwamba yeye alifuta nne yake baada ya kuona mbili yangu, na Yer akasema naye vivyo hivyo. Mwenyekiti wa baraza, Bi. Vandertie, mama wa makamo mwenye mikono ya mkamua ng'ombe, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mlikuwa watatu, na kila mmoja anamtazama mwenzake."

"Ndiyo, mama," akasema Yer.

"Na nyumba hakuna aliyeitazama." Akageuza kurasa zetu kifudifudi. "Ripoti imepokelewa. Asanteni. Kaeni."

Ndivyo ilivyokwisha kazi ya muhula mzima. Tukakaa. Nilijua wameiweka kando zote mbili, ya mbili na ya nne.

Kisha ikaja zamu ya wananchi, dakika tatu kila mtu, taa nyekundu ikiwaka unakaa. Yule mama ambaye mumewe amesahau watoto wake alizungumza. Kijana anayeendesha gari la kuondoa theluji barabarani alizungumza. Darla alisimama, akasema, "Naitwa Darla Delveaux. Baba yangu anakaa Shamba. Niko hapo kila siku. Njooni siku yoyote bila kutoa taarifa." Akakaa kabla hata taa haijageuka rangi. Hakunitazama.

Kura zikaitwa jina kwa jina. Hoja ya kufunga ilianguka kwa kura moja. Yule wa kofia ya mbegu alipiga kura ya kubaki, na akasema kwenye kipaza sauti, ili iandikwe, kwamba hakusukumwa na hao wanafunzi, alisukumwa na mke wa jirani yake, yule mama ambaye mumewe amesahau watoto. Ukumbi ulilipuka. Watu walikuwa wanakumbatiana na mimi nikawa namkumbatia Yer, nalia, naye ananiambia, "Imepita, shoga, imepita." Bryce alinishika bega kwa muda mrefu.

Imebaki. Shamba limebaki. Naliandika tena ili niliamini.

Mei 7

Nimekwenda kumwona baba kabla ya kurudi mjini. Darla alinipeleka, redio imewashwa njia nzima ili tusizungumze. Korido ya mashariki ndoo bado iko palepale.

Baba alikuwa dirishani, amenyolewa, amevaa sweta la kijani. Nikapiga magoti karibu na kiti chake. Nikamwambia yote mwenyewe, tangu ile siku ya kupewa kaunti, kwa sababu sikujua amesikia nini na kutoka kwa nani. Nilimwambia kuhusu mbili. Nilimwambia niliogopa watu ambao nao walikuwa wananiogopa mimi. Nikamwambia nisamehe.

Alinisikiliza amenikazia jicho lake zima. Kisha akasema kitu, maneno matatu au manne.

Kichwa changu kikaanza kuitikia chenyewe kama kilivyozoea. Nikakizuia. "Sijaelewa, baba. Sema tena."

Akasema tena. Sikuelewa. Mara ya tatu nilimsogezea sikio mdomoni kabisa, nikasikia pumzi na jina, lakini si jina langu. Akachoka, akapiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima. "Darla," akasema. Hilo lilitoka wazi.

Nikatoka kumwita. Darla alikuwa ameegemea ukuta wa korido, akaingia, akainama, wakasemezana. Aliinuka polepole, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita akanitazama usoni.

"Anasema mambo yake na wewe ni ya nyumbani, mtayamaliza," akasema. "Anauliza kama umeshamwomba radhi Jeanine."

"Bado," nikasema.

Baba akanyoosha kidole mlangoni.

Nilimkuta Jeanine chumba cha tatu, anamnywesha mzee supu kwa kijiko, kidogo kidogo, anasubiri ameze. Alijua niko mlangoni. Hakugeuka, na mimi sikuingia. Nikasimama hapo nikimsubiri amalize.